UZI: Wazee wenzangu wa Nairobi, kutembea pekee hakutoshi. Ngazi ya matatu ilinifunza

Mwalimu Mstaafu (Buruburu):

Ndugu zangu, hamjambo. Nina miaka 64. Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikiwa na 60, na sasa naishi Buruburu na mama yangu mzazi mwenye miaka 86. Naandika haya kwa watu wa rika langu, na kwa ninyi vijana mlio na wazazi nyumbani, kwa sababu mwaka jana nusura nivunjike nyonga wakati nikijiona mzima kabisa.

Mimi ni mtembezi. Tangu nistaafu, saa moja kasorobo asubuhi jua likishatoka, navaa raba zangu, napita njia za ndani ya mtaa nikiepuka moshi wa barabara kubwa, na baada ya dakika arobaini narudi nyumbani na jasho mgongoni. Presha yangu ilikuwa imetulia. Nilijua kwamba upande wa mazoezi nimeshamaliza.

Sasa siku hiyo nilikuwa natoka mjini. Matatu ilipofika steji yetu, dereva hakusogea ukingoni, akasimama katikati ya lami. Kutoka ngazi ya chini hadi ardhini palikuwa na kimo kama cha goti langu. Makanga ameshagonga bodi, gari linaanza kuondoka polepole, naye ananihimiza: "Mguu wa kushoto, mathe, mguu wa kushoto!" Nikatanguliza wa kushoto. Mguu wa kulia ndio uliobaki kwenye ngazi, na kazi yake ilikuwa kunishusha taratibu. Ukashindwa. Goti lililegea kama halina mwenyewe, nikaanguka kwa mikono na magoti. Mama mmoja anayeuza mboga pale aliacha sukuma zake akaja kuniinua. Viganja vilichunika, na sketi ikapasuka. Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu.

Lakini swali lilininyima usingizi. Mtu anayetembea dakika arobaini kila siku anakosaje nguvu za kushuka ngazi moja?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyemwona baadaye hakunieleza kwa maneno mengi. Alivuta kiti cha kawaida kisicho na mikono akakiegemeza ukutani. Akaniambia nikae, nikunje mikono kifuani, kisha niinuke wima na kukaa tena mara nyingi niwezavyo kwa sekunde 30. Nilifika mara 8. Mara ya sita mapaja yalikuwa yanatetemeka. Akaniambia kwamba mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12 anahesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Kwa mwanamume wa umri huo ni 14. Ukifika miaka 70 hadi 74, ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume.

Nilinyamaza. Nimewapigia watoto wa watu filimbi ya mchakamchaka miaka mingi, leo nashindwa na kiti.

Alichonieleza ndicho nataka mkishike. Misuli huanza kupungua kuanzia miaka ya thelathini, kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 inaondoka kwa kasi zaidi. Kutembea kwenye tambarare ni dawa kubwa ya moyo, mapafu, sukari na usingizi, ila mapaja yako hayabebi mzigo mkubwa ukitembea hivyo. Yameshazoea. Kuinuka kitini, kupanda ngazi, na hasa kushuka ngazi, hapo ndipo paja linafanya kazi ya kweli. Unaposhuka, msuli unabana huku unarefuka, kama breki ya lori mteremkoni. Breki hiyo ndiyo iliyonikatikia stejini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Wengi tunajua nusu ya kwanza: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Kipimo chake ni rahisi, unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Nusu ya pili haisemwi sana. Waliofikisha miaka 65 wanashauriwa kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Mimi nilikuwa na nusu ya kwanza tu.

Ninachofanya sasa hakihitaji pesa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naweka kiti ukutani kisiteleze. Nakaa karibu na ukingo, nyayo zote mbili chini, visigino nyuma kidogo ya magoti, nainamisha kifua mbele ("pua ipite vidole vya miguu," ndivyo alivyonifunza), kisha nasukuma sakafu na kuinuka. Kukaa ndiko kwenye siri. Usijitupe. Hesabu moja, mbili, tatu ukishuka, mpaka makalio yaguse kiti bila kelele. Nilianza na mara tano, napumzika, tano tena. Ukishindwa, weka mto kitini ili kiwe juu zaidi, au sukuma kwa mikono kwanza.

La pili nalifanya jikoni nikingoja chai ichemke. Nashika ukingo wa sinki, nanyanyuka kwa vidole vya miguu, nashuka pole. Mashavu ya miguu yatawaka, ni sawa. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja, sinki likiwa mbele yangu nikilihitaji. Siku ya kwanza nilidumu sekunde nne upande wa kulia. Leo navuka ishirini.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye kile kiti nikapata 13. Ila nilichofurahia zaidi ni kwamba nashuka matatu bila kumshika mtu bega.

Kutembea sijaacha, na wala sisemi mtu aache. Nasema ongeza kiti.

---

Kijana wa Pipeline:

Mwalimu, asante sana kwa huu uzi. Mama yangu ana 58. Simu yake inahesabu hatua na amejiwekea elfu kumi kila siku. Asipofika usiku anazunguka ndani ya nyumba mpaka zifike. Sasa magoti yanamuuma, anasema ataacha kutembea kabisa kwa sababu "ameyasaga". Nimwambie nini?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, mwambie pole na umpe salamu zangu. Hiyo elfu kumi haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kule Japani kulitoka kifaa cha kuhesabu hatua kiitwacho Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia kifaa, na likavuma dunia nzima. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na I-Min Lee walichapisha matokeo ya wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72 waliovaa vifaa vya kupima hatua. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 kuliko wale wa hatua 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikasimama hapo. Kwa hiyo mama asijitese usiku. Elfu sita au saba zilizo za kawaida zinamtosha.

Magoti nayo hayasagiki kwa kutembea kama watu wanavyodhani. Gegedu la goti, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute unaolizunguka, na ute huo unaingia na kutoka goti linapobebeshwa uzito na kuachiliwa. Goti lisilotumika linakauka na kukakamaa. Apunguze hatua kwa wiki mbili, atafute njia tambarare, aanze kiti chenye mto. Mapaja yakipata nguvu, yanalibebea goti mzigo. Ila goti likivimba, likiwa la moto, au likigoma kunyooka, hilo apeleke hospitalini, asingoje.

---

Dereva wa Zamani:

Mwalimu nimesoma hiyo ya stejini nikasikitika. Mimi nimeendesha matatu miaka 22, niko nje ya usukani tangu mwaka juzi. Nimekutwa na kisukari na tumbo limejaa. Makanga wangu wa zamani tuko rika moja, yeye bado mwepesi kama kijana. Tulikula pamoja, kibanda kimoja, miaka yote hiyo. Huwa najiuliza.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu yangu, swali lako lina jibu lililoandikwa zamani. Kulikuwa na daktari London aliyeitwa Jeremy Morris. Aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile na kuchapisha matokeo mwaka 1953. Dereva na kondakta walikuwa ndani ya basi lilelile, lakini dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za ghorofa akikata tikiti. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Utafiti huo ni kati ya ile ya mwanzo iliyowafanya wataalamu waamini kwamba kukaa kunadhuru moyo. Wewe na makanga wako mmeishi jambo lilelile.

Kwa kisukari, jaribu hili: ukimaliza kula, usikae. Tembea dakika kumi au kumi na tano, hata kuzunguka ploti. Misuli inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na saa hiyo baada ya chakula ndiyo sukari inapanda. Ugali wa jioni ukifuatiwa na mzunguko mdogo haupandishi sukari kama ule unaofuatiwa na kukaa. Usiache dawa kwa sababu ya kutembea, hilo ni la daktari wako.

---

Nesi wa Zamu:

Naomba niongeze, maana naona wazee wengi wodini waliovunjika nyonga.

Mzee, kama unachoma insulini au unameza dawa zinazoshusha sukari, tembea na peremende mfukoni. Ukiona kijasho chembamba, mikono inatetemeka, kichwa chepesi, kula mara moja na ukae chini. Na kila jioni angalia nyayo zako, katikati ya vidole pia. Mtu wa kisukari anaweza kutoboka na msumari asisikie.

Mlio na dawa za presha, msiinuke kitandani kwa ghafla. Kaa ukingoni dakika moja, cheza vidole vya miguu, ndipo usimame. Wengi wanaoanguka usiku wanaanguka wakienda chooni. Weka taa karibu, ondoa zulia linalojikunja, na hizo ndara zilizolegea mtupe. Macho nayo yapimwe.

Maumivu ya kifua, pumzi kukatika isivyo kawaida, au kizunguzungu katikati ya zoezi: simama, nenda hospitalini. Ambaye ana ugonjwa wa moyo au alipata kiharusi aongee na daktari kabla ya kuanza.

Mwalimu, umesema vizuri kuhusu kukaa pole. Wagonjwa wangu wote wanajitupa.

Mwalimu Mstaafu:

Dada, Mungu akubariki. Hayo ya ndara nimeyatekeleza leo hii, nimemnunulia mama viatu vyenye kisigino kilichofungwa.

---

Mkaazi wa Githurai:

Yote sawa, lakini mzee atembelee wapi? Njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za biashara, na penye nafasi bodaboda wanapita kwa kasi. Baba yangu aligongwa kidogo na boda juu ya njia ya miguu, tangu hapo hataki kutoka nje. Watu wa mitaa ya kitajiri wana miti, sisi tuna vumbi.

Mwalimu Mstaafu:

Mpe baba pole. Umesema kweli, na inaniuma. Jiji hili limejaa watu wanaotembea kwa miguu kila siku, wengine kutoka Kibera au Mukuru hadi Eneo la Viwanda na kurudi, na bado njia ya mtembea kwa miguu inachukuliwa kama mabaki ya barabara. Kwa kijana ni usumbufu, kwa mzee ni hatari ya maisha.

Ila kuna mahali. Arboretum iko karibu na Ikulu, ilianzishwa 1907, ina kivuli na njia za kutembelea, na mabenchi ya kupumzikia. Msitu wa Karura nao una kama hekta elfu moja. Mtu akiingia huko akasikia udongo laini chini ya nyayo, akumbuke kwamba Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni Januari 1999 wakitaka kupanda mche, wakati msitu ulikuwa unagawiwa watu wa kujenga. Mimi naenda huko mara moja kila miezi miwili hivi, na kila mara ninapopita chini ya ile miti namwombea yule mama.

Lakini Karura si ya kila siku kwa mtu wa Githurai, ina nauli na ada ya langoni. Kwa siku za kawaida tafuteni uwanja. Muulizeni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kama wazee wanaweza kuzunguka uwanja Jumamosi asubuhi. Ombeni ua wa kanisa au wa msikiti. Sisi hapa tumekubaliwa ua wa kanisa, tuko wanawake sita na wanaume wawili, na hakuna boda anayeingia. Tukianza tulikuwa wawili. Baba akiwa na wenzake wa rika lake, woga utapungua, na akikosa siku moja watamwuliza alikuwa wapi. Msianze kabla ya mapambazuko. Na mwezi wa saba baridi na ukungu vikizidi, zungukieni ndani ya ukumbi.

Kama jengo lenu lina ngazi zenye kishikio, hizo pia ni uwanja. Apande na kushuka ghorofa moja, mkono juu ya kishikio, mara mbili tatu. Ashuke pole kuliko alivyopanda.

---

Mjukuu wa Nyeri:

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Shosho yangu alifika miaka 97 na hakuwahi kufanya mazoezi hata siku moja. Hakujua kiti cha sekunde 30 wala hatua elfu ngapi. Nafikiri tunasumbua wazee bure, waacheni wapumzike.

Mwalimu Mstaafu:

Mjukuu, shosho apumzike kwa amani, na umebarikiwa kuwa naye miaka hiyo yote. Lakini hebu mwangalie tena. Alikuwa anapikia wapi? Nakisia ni kwenye moto wa mafiga, amekaa kigodani. Kigoda kile ni cha chini kuliko kiti chochote cha hospitali. Kila alipokwenda kuongeza kuni, kuchukua chumvi, kumfukuza kuku, aliinuka kutoka pale na kukaa tena. Hesabu ni mara ngapi kwa siku. Weka mteremko wa kwenda mtoni na mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani, weka palizi. Mapaja yake yalikuwa na kazi tangu alfajiri.

Kisha huyo huyo shosho tunamchukua, tunamleta Nairobi, tunamkalisha kwenye sofa linalozama, tunamletea chai mkononi, tunamwambia "wewe kaa tu, shosho, usijisumbue." Ni upendo, najua. Nilimfanyia mama yangu hivyo hivyo miaka minne. Alikuja kwangu akitembea bila fimbo, na kufikia mwaka jana hakuweza kutoka sofani bila mimi kumvuta mikono yote miwili. Mwanzo nilisema ni uzee. Sasa najua sehemu kubwa ilikuwa lile sofa, na mimi niliyemkataza kuosha hata kikombe.

Mjukuu wa Nyeri:

Hapo umenigusa. Kigoda kile bado kipo nyumbani.

---

Kijana wa Pipeline:

Mwalimu, kwa hiyo mama yako ulimwanzishia pia? Miaka 86 si umri umepita wa kujenga misuli?

Mwalimu Mstaafu:

Haujapita. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha habari za wazee kumi wa makao ya wazee, mdogo wao ana 86 kama mama yangu, mkubwa ana 96. Walifanya mazoezi ya nguvu za miguu wiki nane, yakisimamiwa. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wengi wao walikuwa na magonjwa kadhaa kila mmoja. Niliposoma hivyo nikaenda moja kwa moja sebuleni.

Tulianza na kiti cha meza ya chakula na mito miwili juu yake, meza nzito mbele ili ashike, mimi nimesimama ubavuni. Wiki ya kwanza aliinuka mara moja tu, akisukuma kwa mikono, na uso umejaa woga. Kilichomtisha ni kuinama mbele, alidhani ataanguka kifudifudi. Nikaweka kiganja changu hewani mbele ya paji lake nikamwambia, "Mama, njoo uguse mkono wangu kwa kichwa." Alipofika kwenye kiganja, makalio yalikuwa yameshaacha mto. Akacheka kwa sauti.

Hapendi kuhesabu kwa namba. Anahesabu kwa wajukuu, kila anapoinuka anamtaja mmoja, kuanzia mkubwa. Mwezi wa pili tulitoa mto mmoja. Vikombe vya chai sasa anaosha mwenyewe, amesimama, na mimi nimejifunza kutomnyang'anya.

Wajukuu ni tisa. Jana Jumatatu alifika kwa wa saba, akashika meza, akapumua, akasema hao wawili waliobaki wangoje Jumatano.